Jembe Halilimi Hewani

Barua ya chuo ilikuwa na mistari kumi na mmoja, na Nathanaeli Mchome aliisoma bila shida mpaka alipofika kwenye jina la mtahini. Hapo akaiweka mezani, akatoka nje kukohoa kikohozi ambacho hakikuwapo, akarudi, akaisoma tena. Jina lilikuwa lile lile. Rodrick Mrutu.

Lazima nikueleze yaliyotangulia, maana bila hayo utadhani mtu mzima wa miaka arobaini na mitatu anaogopa mtihani kama mtoto wa darasa la nne. Mtihani hakuuogopa. Alimwogopa kijana ambaye miaka minne nyuma alimwita mwizi mbele ya kitongoji kizima.

Nathanaeli ni mtu wa Mhezi, huko juu Upare ya Kusini, ambako ukidondosha kiazi mlangoni kwako unakwenda kukiokota kwa jirani wa chini. Kazi yake ni maji na vipimo. Ndiva ikivuja, lile bwawa letu la kukusanyia maji ya mfereji, anaitwa yeye aseme ufa uko wapi. Ndugu wakigawana shamba la baba, anaitwa yeye na kamba yake ya katani, mita hamsini, fundo kila baada ya mita tano. Kamba hiyo aliachiwa na baba yake, pamoja na namna ya kuitumia: unailaza ardhini, inafuata mgongo wa shamba, inapanda panapopanda na kushuka panaposhuka. Ukimuuliza kwa nini, anakujibu kama alivyojibu baba yake, "Jembe halilimi hewani." Na mtu akishasema kamba ya Nathanaeli imepita hapa, ubishi umekwisha, watu wanarudi nyumbani kula.

Sasa, miaka minne nyuma alikuja huyo Rodrick, kijana mwembamba, na mashine yake ya miguu mitatu, kupima mashamba ili watu wapate hati. Alikaribishwa vizuri. Alikula makande kwa Ernesta, mjane wa kaka yake Nathanaeli, akaongezewa na bakuli la pili. Shamba la Ernesta ndilo lilikuwa la kwanza kutoka kwenye karatasi, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kamba ya Nathanaeli ilikuwa imesema tangu zamani: mita mia kuteremka, mita arobaini kukatisha, jumla mita za mraba elfu nne, ekari nzima. Karatasi ya Rodrick ikasema elfu tatu mia mbili na kitu.

Siku hiyo ilikuwa ya msaragambo, watu wote wametoka na majembe kusafisha mfereji, kwa hiyo masikio yalikuwa mengi. Nathanaeli akasimama na karatasi mkononi.

"Mita mia nane zimekwenda wapi? Umezitia mfukoni?"

"Ni kipimo cha mlalo, baba," Rodrick akasema. Akachukua kijiti, akachuchumaa, akachora vumbini pembetatu moja. "Tazama, huu mteremko, na huu hapa chini..."

Nathanaeli hakutazama. Aliikanyaga ile pembetatu kwa kisigino akaifuta. "Jembe halilimi hewani! Shamba la mjane! Huyu ni mwizi!"

Ulimi hauna mfupa, na watu wenye majembe mkononi hawahitaji kuambiwa neno hilo mara mbili. Hakuna aliyempiga, tushukuru kwa hilo, lakini kijana alishuka mlima kwa miguu mchana ule ule, mvua inamnyeshea, mashine begani. Wapimaji wakaenda kwenye vitongoji vingine. Cha kina Nathanaeli kikarukwa, na hati hawana mpaka leo.

Wewe utauliza, mtu kama huyo anatafuta nini chuoni? Anatafuta cheti, basi. Mwaka jana walikuja watu na mradi wa bomba la maji. Nathanaeli aliitazama njia waliyochagua, akawaambia maji hayatapanda kile kilima. Wakamuuliza, "Mzee, una cheti?" Hakuwa nacho. Bomba likalazwa, bomba likatoa hewa, na Nathanaeli akapeleka maombi ya kusomea stashahada ya uhandisi ujenzi, kwa nafasi za watu wenye uzoefu wa kazi. Wakamkubali kwa sharti moja: afaulu hisabati ya msingi, mtihani wa kuandika na wa mdomo, utakaofanyikia Same mjini baada ya wiki sita. Na nafasi zile za wenye uzoefu zilikuwa zinatolewa mwaka huu kwa mara ya mwisho. Akianguka, ndio imetoka hiyo.

Na wa kumpima ni Rodrick, ambaye siku hizi ni mkufunzi.

"Ataniangusha," alimwambia Ernesta. "Hata nikiandika majibu ya malaika, ataniangusha."

"Kwanza yaandike hayo ya malaika," Ernesta akasema. "Shuleni hisabati ulipata D, mimi nakumbuka."

Akashuka Same. Jua la Same halina adabu, linakuja mpaka chini ya kitanda. Darasa lilikuwa kwenye stoo nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi la mzee Swalehe, kati ya saruji na mabomba, na mwalimu alikuwa binti yake, Shamsa, miaka ishirini na sita, mhandisi kamili ambaye ajira haijampata. Wanafunzi tisa, wanane kati yao ndevu hazijawaota. Kila asubuhi Shamsa aliingia, akampitia Nathanaeli kwanza kwa heshima zote.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu. Hujambo?"

"Sijambo. Umepata mbili kwa ishirini."

Ndivyo wiki ya kwanza ilivyokwenda. Hesabu za sehemu zilimrudia upesi, maana mtu aliyegawa maji ya mfereji kwa familia kumi na saba hawezi kushindwa na theluthi mbili. Lakini zile herufi! Kuitoa herufi upande huu wa alama ya sawasawa na kuipeleka upande wa pili, mara imegeuka hasi, mara imekwenda kukaa chini ya mstari. Alitoa jasho. Vijana walimaliza, wakafunga madaftari, yeye bado anaivuta ile *h* kama anavuta mbuzi mkaidi. Na akifika kwenye jibu, Shamsa anasimama juu yake.

"Kumi nini, baba?"

"Kumi."

"Kumi mbuzi? Kumi ndoo? Namba bila kipimo ni kelele tu."

Hilo alilipenda, siwezi kusema uongo. Alilirudia jioni akiwa peke yake, namba bila kipimo ni kelele tu, akacheka. Wiki ya tatu akapata kumi na moja kwa ishirini, akampigia simu Ernesta kumwambia, na Ernesta akauliza hao wengine wamepata ngapi.

Wiki ya nne ikawa ya pembetatu. Shamsa akaandika ubaoni: njia inateremka kilima, urefu wake ni mita hamsini, pembe yake digrii kadhaa, tafuta umbali wa mlalo. Nathanaeli hakuhitaji hata kalkuleta. Akaandika hamsini. Akaandika na kipimo, mita, akakaa kama bwana harusi.

"Hamsini imetoka wapi?" Shamsa akauliza.

"Ndiyo njia yenyewe. Mimi nimepima vilima kabla hujazaliwa, mwalimu. Ukitembea ni hamsini, ukilima ni hamsini. Jembe halilimi hewani."

Vijana wakaangua kicheko. Shamsa hakucheka. Alitazama saa yake, ilikuwa saa sita na nusu, mwisho wa Septemba, jua liko utosini kabisa. Akachukua bomba la plastiki la mita sita kutoka dukani kwa baba yake, akawatoa wote nje.

"Baba, lishike lilale."

Nathanaeli akalishika, vijana wawili wakamsaidia. Kivuli chini kilikuwa kirefu sawa na bomba.

"Sasa inua upande mmoja. Zaidi. Zaidi."

Bomba likapanda mpaka likawa mteremko kama wa Mhezi. Kivuli kikarudi nyuma, kikafupika. Shamsa akakipima kwa futi yake ya chuma: mita nne na nusu na kidogo.

"Bomba limepungua?"

"Halijapungua."

"Kuna mtu amelikata?"

"Hakuna."

"Basi hicho kivuli ndicho mlalo. Ramani, baba, inachora kivuli cha saa sita. Haichori mteremko, maana ikichora mteremko, mashamba ya mlimani hayataenea kwenye karatasi, yatapandiana. Jembe lako halijaibiwa kitu. Kosaini kazi yake ni hiyo tu, kukupa kivuli."

Vijana walirudi kivulini kunywa maji. Nathanaeli alibaki ameshika bomba juani. Kile kivuli, na bomba, na ukuta wa duka vilikuwa vimefanya umbo ambalo alilifahamu, alishawahi kuliona limechorwa vumbini kwa kijiti. Alilikanyaga. Akaona aibu ambayo hajapata kuiona, mtu mzima, mbele ya duka la watu.

Jumamosi hakukaa Same. Alipanda Mhezi, akamkuta Ernesta akichambua maharage, akamwambia, "Shemeji, njoo unishikie mpira."

Mpira wenyewe ni ule wa mafundi, mwembamba, unaonyesha maji ndani. Unaujaza, na maji ya ncha mbili yanakaa usawa mmoja hata ufanye nini. Ernesta alisimama juu ameshika ncha moja kwenye ardhi. Nathanaeli akateremka na ncha ya pili na ufito alioutia alama ya mita moja na nusu, mpaka maji yakagusa alama. Hapo wameshuka mita moja na nusu. Ernesta akateremka mpaka aliposimama yeye, wakaanza tena. Hivi ndivyo alivyokuwa akichimba mifereji miaka ishirini, na hakuwahi hata siku moja kuwaza kwamba mpira ule na kamba ile vinazungumzia pembetatu moja. Walishuka shamba zima kwa hatua arobaini. Ernesta alilalamikia goti kuanzia ya kumi na mbili.

Arobaini mara moja na nusu, sitini. Akaketi kwenye jiwe, akaandika kwenye daftari. Mteremko mita mia, anguko mita sitini. Mia kwa mia ni elfu kumi. Sitini kwa sitini ni elfu tatu na mia sita. Toa, inabaki elfu sita mia nne. Kipeuo chake cha pili, themanini. Themanini kwa arobaini.

Akairudia hesabu yote tangu juu, mpaka Ernesta akamgusa bega.

"Limetoka ngapi?"

"Elfu tatu mia mbili."

"Mbuzi?" Ernesta alikuwa ameshasimuliwa yale ya Shamsa.

"Mita za mraba. Shemeji, yule kijana hakuiba."

Ernesta alitazama shamba lake, migomba, tangawizi, mahindi yaliyovunwa. "Kwa hiyo limepungua?"

"Halijapungua. Unalima yale yale. Karatasi ndiyo inayochora kivuli."

"Na hati yangu?"

"Ingekuwa imetoka."

"Miaka minne, Nathanaeli." Hakumwita shemeji. "Miaka minne sina hati kwa ajili ya kisigino chako. Na yule mtoto alikuwa amekula kwangu. Nilimwacha ashuke na mvua hata mwavuli sikumpa, kwa sababu wewe ulisema." Akaukusanya ule mpira, maji yakamwagika, akaenda nao nyumbani. Goti hakulilalamikia tena.

Wiki mbili zilizobaki Nathanaeli alisoma kama mtu anayelipiza. Vipeo, milinganyo, saini na kosaini na tanjenti. Shamsa alimtayarisha kwa mtihani wa mdomo pia. Kuna swali, alisema, wanaulizwa wote wenye uzoefu: eleza tatizo la kipimo ulilokutana nalo kazini na ulivyolitatua. "Wewe eleza lango la ndiva, baba. Ni zuri, lina mjazo, lina kasi ya maji. Usiende kwingine." Nathanaeli akalikariri lango la ndiva mpaka angeweza kulieleza usingizini. Kuhusu Rodrick hakumwambia Shamsa. Alijipa moyo kwamba miaka minne ni mingi, na ndevu zake siku zile zilikuwa nyeusi. Labda kijana hatamjua.

Siku ilipofika, karatasi ya kuandika ilikwenda. Si vizuri sana, si vibaya, swali la saba lilimla dakika ishirini. Mchana akaitwa chumba cha mdomo. Mama mmoja mwenye miwani upande huu, Rodrick upande ule. Alikuwa amenenepa kidogo. Aliinua macho, akasoma jina kwenye fomu, akasema, "Karibu, kaa," kwa sauti ya mtu anayemkaribisha mtu yeyote. Hakuna mshipa uliocheza usoni. Nathanaeli akashukuru Mungu kimoyomoyo: hanijui.

Yule mama akauliza la kwanza na la pili. La tatu akauliza Rodrick, akisoma kwenye karatasi.

"Eleza tatizo la kipimo ulilokutana nalo kazini, na ulivyolitatua."

Lango la ndiva lilikuwa pale pale mdomoni, limeiva. Angelisema, angepita, angekwenda zake. Lakini alimtazama yule kijana aliyeshika kalamu, akamkumbuka alivyochuchumaa na kijiti chake, akijitahidi kumfundisha bure kitu ambacho yeye amekuja kukitafuta kwa wiki nne juani. Akasimama, akaenda ubaoni.

"Kuna shamba la shemeji yangu," akasema. Akachora mteremko, akaandika mita mia. Akachora anguko, mita sitini. Akachora mlalo. "Mimi nililipima kwa kamba ya kulaza nikapata elfu nne. Akaja mpimaji akapata elfu tatu mia mbili. Mimi nikamwita mwizi mbele za watu, tukamfukuza. Tatizo la kipimo lilikuwa mimi. Nimelitatua mwezi huu." Akamaliza hesabu, akapigia mstari jibu: mita za mraba 3,200.

Yule mama akavua miwani. "Na huyo mpimaji?"

"Alishuka kwa miguu, mama. Mvua ilikuwa inanyesha. Tangu siku hiyo sijamwomba radhi, na ninamwomba sasa."

Rodrick alikuwa anautazama ubao, hamtazami yeye. "Urefu umeupunguza kutoka mia hadi themanini," akasema taratibu. "Upana umeuacha arobaini. Kwa nini nao hukuupunguza?"

"Upana umekatisha kilima. Mvua ikinyesha maji hayaendi upande huo. Pale tayari ni mlalo."

Rodrick akaandika kitu. Kisha akasema, bado anautazama ubao, "Mimi nilipata elfu tatu mia mbili na nne."

"Naam?"

"Tatu, mbili, sifuri, nne. Nimeipiga ile hesabu sijui mara ngapi miaka hii minne, nikidhani labda kweli nilikosea. Kila mara, mia mbili na nne." "Hizo nne umezipeleka wapi, baba?"

Nathanaeli akaigeukia tena ile pembetatu ubaoni. "Sijui," akasema.

"Nenda. Matokeo yatabandikwa Ijumaa."

Ijumaa yalibandikwa: sitini na mbili kwa mia, amefaulu. Shamsa alipiga kigelegele dukani, mzee Swalehe akatoka kuuliza kuna harusi ya nani. Nathanaeli alifurahi, lakini kesho yake ilikuwa msaragambo na alijua la kufanya. Akasimama palepale pa miaka minne nyuma, kamba na mpira mkononi, akawaeleza watu wote. Walimcheka mpaka wengine wakakaa chini. Mtu akapaza sauti, "Kwa hiyo siku hizi jembe linalima hewani?" Akavumilia. Walipochoka kucheka wakaandika barua ya kuomba wapimaji warudi, na Ernesta akawa wa kwanza kutia sahihi.

Walirudi Desemba, chuo kimefungwa, na Rodrick alikuja nao. Ernesta alimpokea na bakuli mbili za makande kwa mpigo, na mwavuli mpya, ingawa mbingu ilikuwa nyeupe. Nathanaeli, sasa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, ndiye aliyeshika fimbo ya kipimo akitembea kona hadi kona. Kona ya nne, chini kabisa, ina kichaka cha migomba. Akasimama mbele ya migomba kama alivyozoea.

"Siyo hapo," Rodrick akaita kutoka kwenye mashine. "Mpaka uko nyuma ya migomba. Kwenye jiwe."

Nathanaeli akapenya, majani yakamkwaruza uso, akalikuta jiwe. Alilijua lile jiwe. Baba yake aliwahi kumwonyesha. Lakini kamba ilikuwa inanasa kwenye migomba, na tangu mwanzo alikuwa anaikatishia mbele, kwa uvivu tu, kila alipopima. Mashine ikalia. Rodrick akasoma namba kwa sauti, polepole, watu wote wasikie: elfu tatu, mia mbili, na nne.

Ernesta alihesabu vidoleni, akaitazama migomba, akamtazama shemeji yake aliyekuwa anatoka humo na majani kichwani.

"Kumbe mwizi yupo kweli," akasema. "Tumekuwa naye kwenye ukoo miaka yote."

Rodrick ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka akaishikilia mashine isianguke, na Nathanaeli akaketi juu ya jiwe la mpaka, akajifuta macho kwa mkono wenye utomvu wa mgomba.